Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Saini za Ombi la Njia za Ufuoni

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi nina neno juu ya saini.

Mwaka huu tumekusanya saini za kuliomba Bunge lisaidie kufunguliwa kwa njia za wavuvi zilizozibwa kwa kuta. Tulipokaa kuzikagua, niliziondoa karatasi tatu. Ya kwanza ilijaa majina lakini haikuwa na kichwa, na sheria ya maombi kwa Bunge ya 2012 inataka mada iandikwe katika kila karatasi. Ya pili ilibandikwa vipande vya daftari kwa gundi, ilhali jina, anwani, namba ya kitambulisho na saini lazima viandikwe papo hapo kwenye ombi. Ya tatu ilikuwa na watu saba wa nyumba moja, mwandiko mmoja, kalamu moja. Baba yao alimwambia kijana wetu, "Niandikie na wanangu, wako baharini." Kama wako baharini, tutawangoja.

Baadhi yenu mlinung'unika kwamba napunguza idadi. Kumbukeni Okoa Kenya, kampeni ya kubadili Katiba kwa saini za wananchi: Machi 2016 tume ya uchaguzi ilikubali saini 891,598, na kifungu cha 257 cha Katiba kinataka wapiga kura milioni moja. Safari ikaishia hapo. Ombi letu halina kiwango hicho. Hata mtu mmoja ana haki ya kulipeleka. Sasa jina la uongo la nini?

Mzee mmoja asiyejua kuandika alisomewa ombi mara mbili. Akauliza, "Na pa kuegesha ngalawa pamo?" Tukamwonyesha mstari. Ndipo akachovya kidole gumba kwenye wino mbele ya shahidi. Saini kama hiyo naweza kuitetea popote.

Jambo jingine: karatasi zisipigwe picha wala kutumwa WhatsApp. Zina namba za vitambulisho vya watu waliotuamini. Mwaka 2021 Wakenya wengi walijikuta wameandikishwa katika vyama vya siasa bila kuulizwa. Sitaki jirani yetu apate uchungu huo kupitia kwetu. Wala asipewe mtu hata shilingi ya chai ili atie saini.

Kati ya wale saba, watano wamerudi na wametia saini kwa mikono yao. Wawili bado wako dago, kambi ya wavuvi ya mbali. Katibu anawawekea nafasi hadi Ijumaa, kisha ombi linakwenda Nairobi.