"Nimelipa nije kuulizwa maswali?"

Juzi mteja katoka hapa kwenye kliniki yetu ya saikolojia amenuna. Saa nzima, alisema, tumemuuliza maswali, tukamjazisha na fomu, halafu hatukumpa hata ushauri mmoja wa kuondoka nao. "Maswali hata rafiki yangu ananiuliza bure." Si wa kwanza.

Kikao cha kwanza ndicho kazi yenyewe. Kuna mtu (mambo yake nimeyageuza kidogo asitambulike) alikuja kajipima kwenye intaneti, kaambiwa ana ugonjwa wa wasiwasi, anataka tiba ianze siku hiyohiyo. Moyo unamwenda mbio, usingizi hamna, mikono inatetemeka. Tulipomchimba tukasikia anakula vizuri lakini nguo zinampwaya, na joto kidogo tu linamshinda. Tukamtuma kwa daktari apimwe damu. Kumbe tezi ya thairoidi ilikuwa inafanya kazi kupita kiasi. Bila maswali yale tungemtoza vikao kumi tukimfundisha kupumua.

Fomu yetu ya sonona ni PHQ-9: maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, alama 0 hadi 27, zikipanda hali ni mbaya zaidi. Yenyewe ni bure, kila mtu anaipata. Tunachotoza ni kujua la kufanya pale mtu anaposema "naendelea vizuri" kwa adabu tu, huku alama zimeganda kwenye 17. Na swali la mwisho, la mawazo ya kujidhuru, haliachwi hivihivi hata muda ukiisha.

Kinachokula pesa zenu ni kuacha katikati. Mwingine alikuwa ananawa mikono mpaka ngozi inapasuka. Tiba yake: anashika kitasa cha mlango, kisha hanawi; anakaa na ile hofu hadi ishuke yenyewe. Kikao cha nne akaona kapona, akapotea. Aliporudi alikuwa anafua nguo usiku kucha, tukaanzia chini kabisa.

Lalamiko la "mmeniletea mwanafunzi" nalo nalijua. Tangu mkutano wa mafunzo ya wanasaikolojia uliofanyika Boulder, Marekani, mwaka 1949, wengi wetu tumefunzwa utafiti na tiba kwa pamoja, na tiba haifundishiki ubaoni. Mwanafunzi wetu haingii bila ridhaa yako, na kila kikao chake nakipitia naye. Kusema kweli, yeye hujiandaa vizuri kuliko mimi.

Yule aliyenuna, nafasi yake ya kikao cha pili hatujampa mtu. Hicho ndicho cha majibu.