Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Jumuiya ya Wanafunzi wa Zamani, Januari hadi Disemba 2024

Ndugu wanajumuiya, walimu wetu, na wenzetu mnaotusikiliza kwa simu kutoka Maskati, Dubai, London na Toronto,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Kabla ya yote tuwakumbuke wenzetu waliotangulia mbele ya haki mwaka huu, wakiwemo walimu wawili waliotufundisha wengi tuliomo humu. Tumewasomea Fatha mwanzoni mwa mkutano. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Nakwenda moja kwa moja kwenye suali ambalo nimeulizwa sokoni Darajani, nimeulizwa msikitini, na mara moja nimeulizwa mazikoni hata kaburi halijafukiwa: vipi ukarabati wa madarasa mawili ya skuli yetu umekula shilingi 39,700,000?

Mwanajumuiya mmoja anayeishi Dodoma aliniandikia kwa uchungu. Alinikumbusha kwamba mwaka 2021 Bara walijenga madarasa 15,000 kwa fedha za mkopo wa UVIKO-19, kila moja kwa shilingi milioni 20, jipya kutoka msingi hadi bati. "Nyinyi kwa pesa hiyo hiyo mmepaka chokaa," alisema. Sikumjibu siku ile kwa sababu nilikuwa na hasira, na pia kwa sababu kwa hesabu ya haraka haraka hakukosea. Leo namjibu, na nyote mnisikilize.

Milioni 20 zile zilijenga darasa la matofali kwenye kiwanja kitupu, ambapo lori linafika mpaka mlangoni na mahali pengi wanakijiji wamechimba msingi kwa nguvu zao. Skuli yetu ni nyumba ya mawe na chokaa ndani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Kuta zake zina upana unaozidi nusu mita, dari zake zinalala juu ya boriti za mikoko, na uchochoro wa kuifikia haupitishi hata gari ya punda ikiwa na mzigo wa pembeni. Mji wenyewe upo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, kwa hiyo huwezi kuamka asubuhi ukaanza kubomoa. Lazima upate kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, na Mamlaka inataka ukuta wa chokaa utengenezwe kwa chokaa. Kuna wakati nililiona sharti hilo ni usumbufu. Sasa silioni hivyo, na nitaeleza kwa nini.

Mwezi wa Februari tulimpeleka fundi mwashi kukagua darasa la chini, lile la upande wa barabarani ambalo wengi wetu tulisoma darasa la pili. Ni mzee wa Makunduchi, si msemaji. Hakutoa tepu wala karatasi. Aligeuza nyundo akawa anagonga ukuta kwa mpini, hatua kwa hatua, kichwa kakiinamisha upande kama anasikiliza redio ya jirani. Mahali pengine ukuta ulitoa sauti nzito. Pengine ulilia kama debe. Kila ulipolia kama debe alitia alama ya mkaa. Alipomaliza, ukuta mzima wa kusini ulikuwa na alama. Kisha akachukua patasi, akabandua plasta ya saruji kwa kipande kimoja kikubwa, na nyuma yake chokaa ya zamani ikamwagika mpaka kwenye viatu vyetu, laini na nyevu, mfano wa sukari iliyolowa. Akatuonesha kichwa cha boriti kilichoingia ukutani. Alikitia kidole, kidole kikazama. "Hii si boriti tena," alisema, "huu ni ugoro."

Hapo ndipo pesa zilipokwenda, ndugu zangu. Ukuta wa mawe na chokaa unavuta maji kutoka chini na kutoka hewani, halafu unayatoa wenyewe pole pole. Ukiufunika kwa saruji, maji hayana pa kutokea. Yanabaki ndani na chumvi yake, yanakula chokaa, na mwisho yanahamia kwenye mbao. Saruji ile ilipigwa miaka mingi nyuma na mkandarasi ambaye sitamtaja, kwa sababu alifanya kile kile kilichokuwa kinafanywa mji mzima wakati ule na hakuna aliyemkataza.

Lakini juu ya saruji yake kulikuwa na tabaka jengine, na hilo ni letu. Mwaka 2021, mtakumbuka, tulichanga tukanunua rangi ya plastiki, ya maziwa juu na ya buluu chini, tukaipaka wenyewe wikiendi mbili. Mimi nilishika brashi. Tulipiga picha, tukala biriani, tukasifiwa. Rangi ile ilimalizia kuziba vile vitundu vichache ambavyo ukuta ulikuwa bado unapumulia. Ndani ya miaka mitatu plasta ilivimba kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana kabla. Nimelisema hili kwenye Kamati Tendaji na nalisema hapa liandikwe kwenye kumbukumbu: sehemu ya gharama ya mwaka huu tumelipa kuondoa kazi ya mikono yetu.

Sasa hesabu. Kubandua saruji na rangi, kutia nguzo za kushikilia dari na kuutoa uchafu mpaka barabara kubwa: shilingi 8,900,000. Boriti na mbao: 7,600,000. Chokaa, mawe na mchanga: 6,400,000. Usafiri na uchukuzi: 4,300,000. Ujira wa mafundi na wasaidizi wao: 12,500,000. Jumla ni 39,700,000. Risiti zote anazo Mshika Fedha kwenye faili la kijani, na baada ya mkutano faili litakuwa mezani. Anayetaka kuhesabu upya ahesabu.

Kuna mambo mawili matatu hapo yanayohitaji maelezo.

Boriti za mikoko zamani zilikuwa mali rahisi. Majahazi yalizileta kutoka Rufiji mpaka gatini, na nyengine zikaendelea hadi Uarabuni. Hata upana wa vyumba vyetu umetokana nazo: boriti ya mkoko haipatikani ndefu, kwa hiyo chumba hakiwezi kuwa kipana, na ndiyo maana sote tulisoma kwenye madarasa marefu membamba kama treni, wa nyuma haoni ubao. Sasa mikoko inalindwa, na ni haki ilindwe. Boriti zinapatikana kwa kibali, chache na ghali. Tulifikiria kuweka mbao za kawaida zilizotiwa dawa kila mahali. Mamlaka ilikubali kwa darasa moja, kwa jengine tukaweka boriti.

Mchanga pia si ule wa kuchota tu. Kisiwa ni kidogo, mashimo yamekwisha kuchimbwa, na siku hizi mchanga unatoka kwa utaratibu wa Serikali. Saruji, nondo na mbao zinavuka bahari kutoka Dar es Salaam, na kila kinachovuka bahari kinalipiwa mara mbili tatu kabla hakijafika bandarini kwetu Malindi. Baada ya hapo lori linashusha barabarani na mzigo unaingia ndani kwa rikwama na kwa mabega ya wachukuzi. Tofali la Dodoma halijawahi kubebwa namna hiyo.

Halafu ukaja mwezi wa Mei. Masika ya 2024 mnayajua. Tarehe 4 Mei, kimbunga Hidaya kilipokuwa kinaikaribia pwani yetu, boti zilisimamishwa baina ya hapa na Dar es Salaam, na mbao zetu zikabaki ng'ambo. Zilipofika zilikuwa zimelowa, ikabidi tuzianike chini ya paa la kukodi. Kazi iliyopangwa kuanza mwisho wa Aprili ilianza likizo ya Juni, na chokaa haikubali kuharakishwa. Saruji ukiipiga leo, kesho unaitegemea. Chokaa unaipiga tabaka moja, unaisubiri, unarudi nayo tena. Wanafunzi wa madarasa mawili walihamishiwa mkondo wa mchana, na nawashukuru sana walimu waliokubali kufundisha asubuhi na jioni bila kudai chochote.

Kuhusu makisio: tulipokea matatu. La rahisi kuliko yote lilikuwa karibu nusu ya tulichotumia. Kamati ilivutiwa nalo, sitaficha, na wajumbe wawili walilipigania. Tulipolisoma vizuri tukakuta mpango wake ni kupiga saruji mpya juu ya saruji ya zamani na kupaka rangi. Yaani tulikuwa tunauziwa tena ugonjwa wetu kwa bei ya punguzo.

Nawaomba pia msisahau tarehe 25 Disemba 2020. Upande wa Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la Forodhani, uliporomoka pamoja na mnara wake, mchana kweupe, jengo likiwa kwenye matengenezo, na watu wawili wakafariki. Nyumba ile ilijengwa na Sultani mwaka 1883 na haikuwa na watoto ndani siku ile. Yetu ina watoto kuanzia alfajiri, mkondo baada ya mkondo. Nililifikiria hilo fundi alipotia kidole kwenye boriti.

Wapo wanaosema tuachane na jengo hili. Serikali imejenga skuli nyingi za ghorofa miaka ya karibuni, zina maabara, zina vyoo vya kutosha, na mtoto anapata dawati. Hoja hiyo siidharau. Mjukuu wangu anasoma kwenye moja ya skuli hizo na yuko raha mustarehe. Lakini jengo ni la Serikali, si letu kuliacha wala kulihifadhi, na Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali haijasema itaifunga skuli. Maadamu watoto wamo ndani, dari iliyo juu yao inatuhusu. Septemba iliyopita ilitimia miaka 60 tangu kutangazwa elimu bila malipo hapa Zanzibar, tarehe 23 Septemba 1964. Karibu sote humu ni matunda ya tangazo lile. Bila malipo kwa mzazi, ndiyo. Boriti ina bei yake pale pale.

Ofisi moja ilikaa na barua yetu ya kuomba msaada wa mhandisi kwa miezi mitano. Nilikwenda mara nane. Mara ya tisa niliambiwa barua imeonekana, imewekwa kwenye faili la skuli nyengine yenye jina linalofanana na letu. Sina zaidi la kusema hapo.

Mapato. Tulianza mwaka na akiba ya 6,450,000. Wanajumuiya wa hapa waliolipa ada ni 96 kati ya 214, kila mmoja 60,000, jumla 5,760,000. Wenzetu wa nje walituma 31,240,000. Chakula cha hisani kilituingizia 4,550,000 baada ya kutoa gharama. Mbali na ukarabati, tulitumia 1,150,000 kwa ada za benki, vibali na uendeshaji. Tumefunga mwaka na 7,150,000. Mnaona wenyewe mzigo uko kwa nani. Mtu anafanya kazi ya usiku huko London kwenye baridi, anatuma, na sisi tunaopita mbele ya mlango wa skuli kila siku tukienda sokoni, 118 kati yetu hatukupata elfu tano kwa mwezi.

Maktaba ilipata makabati mawili, na mashindano ya mpira hayakufanyika kwa sababu uwanja ulijaa maji.

Kazi iliyobaki ni madarasa matatu ya juu, ngazi na vyoo. Mkadiriaji bado hajamaliza, na sitataja tarakimu leo ili mwakani msije mkanishika nayo. Ila kazi ya juu ni ya paa, na kwenye paa kuna jambo moja la kuwaeleza. Fundi alipopanda kutafuta maji yaliyoozesha boriti yanatoka wapi, alikuta mlizamu wa pembe ya kusini, yaani mfereji wa kuteremshia maji ya mvua, umeziba kabisa. Alitoa majani ya mwarobaini yaliyooza, mabaki ya tiara, mpira mmoja, na kandambili ya mguu wa kushoto. Pembeni, mche wa mtini ulikuwa umeota na mizizi imeshaingia ukutani. Maji ya masika yote, miaka sijui mingapi, badala ya kushuka kwenye mlizamu yalikuwa yanateremka ndani ya ukuta ule ule uliofungwa kwa saruji. Kuusafisha mlizamu kulimchukua muda wa kunywa chai.

Kwa hiyo Kamati inaleta kwenu pendekezo la kupigiwa kura leo: ada ipande kutoka 60,000 hadi 96,000 kwa mwaka, yaani 8,000 kwa mwezi, na 3,000 katika hizo ziingie kwenye akaunti ya matunzo peke yake, isiyoguswa kwa chakula, fulana wala mgeni rasmi. Najua matunzo hayana picha ya kupiga. Hakuna atakayekata utepe kwa sababu mlizamu umesafishwa.

Na bila kusubiri kura: masika yanakaribia na Ramadhani inaingia mwanzoni mwa Machi. Jumamosi ya tarehe 22 Februari, saa moja asubuhi, tunapanda paani. Mwalimu mkuu ameshatoa ruhusa. Wanaohitajika ni watu sita wasioogopa kwenda juu, na wengine wa kupokea ndoo chini. Ngazi ninayo mimi nyumbani, ila ni nzito, aje mtu mmoja tuibebe.

Mwenyekiti