Wanangu wa kijiweni, futeni ile video

Wanangu wa bodaboda,

Jumapili mlimnunulia mdogo wangu pombe ili acheze, mkamrekodi. Mjukuu wangu kanionyesha. Nimeitazama hadi pale anapovua shati na mmoja wenu anasema, "Huyu bado Mirembe tu." Sauti hiyo naijua. Mwenye sauti hiyo nilimbeba mgongoni.

Mirembe ni hospitali ya magonjwa ya akili, ipo hapa Dodoma tangu 1927, inatibu watu. Nyie mmeigeuza tusi.

Mdogo wangu alilazwa pale ana miaka 22, akisema redio inamtaja jina. Kabla ya hapo tulizunguka kwa waganga miezi minane, tukauza ng'ombe wawili. Usiku tulimfunga kwenye nguzo ya ghala. Makovu ya mikononi mnayomcheka nayo ni ya kamba ile, na aliyeikaza ni mimi.

Kilichomrudisha ni dawa. Sindano moja kila mwezi, akalima, akajenga. Ndipo majirani wakaanza: "Si amepona? Sindano za nini tena?" Tukawasikiliza. Haikupita miezi mitatu, akawa halali usiku, anazungumza na ukuta. Mimi nina presha, nameza kidonge kila asubuhi, na hakuna aliyewahi kuniambia niache kwa kuwa sijaanguka. Kwa nini yeye aambiwe? Na nyie mnammiminia pombe juu ya dawa! Pombe na bangi huuamsha ugonjwa huu hata ukiwa umetulia.

Msimwite chizi. Msibishane naye juu ya sauti anazosikia. Akiwaoshea pikipiki, mlipeni hela kamili.

Siwalaumu nyie peke yenu. Mtu akivunjika mguu, mtaa mzima huja na uji. Huyu alipolazwa hakuna aliyepiga hodi. Zahanati nayo ikiishiwa sindano tunaambiwa turudi wiki ijayo, kana kwamba ugonjwa nao utasubiri.

Tena wanangu, ugonjwa huu huanza mara nyingi katika umri wenu huu. Mwenzenu akianza kujitenga, kukesha, kushuku kila mtu, msimcheke wala msimfunge. Mleteni kwangu, nitakwenda naye hospitali siku hiyo hiyo.

Alhamisi ni siku ya sindano. Magoti yangu hayafiki tena. Atakayempeleka aje saa mbili asubuhi, uji utakuwa tayari.

Bibi yenu