Mazoezi ya Jumamosi: msikilizeni Basie kwanza

Habari zenu wanakikundi. Kabla ya Jumamosi sikilizeni bendi ya jazi ya Marekani ya Count Basie, rekodi za 1937 na 1938: Basie piano, Freddie Green gitaa, Walter Page besi, Jo Jones dramu. Msikimbilie tarumbeta, sikieni chini yake: hao wanne wanaoshika mwendo. Page anatembeza besi, mapigo 4 katika kila kipimo cha muziki. Jones ameuhamishia mwendo kwenye matoazi ya mguu (hi-hat), ngoma kubwa anaigusa tu. Sisi tunaibamiza, besi inamezwa. Wapiga gitaa: mapigo 4, mkono ukishuka kila mara, na kila pigo legeza vidole vya mkono wa kushoto mara moja nyuzi zinyamaze. Zikiachwa zivume, mwendo unakuwa mzito. Mpiga kinanda, acha nafasi. Basie mwenyewe noti mbili tatu, basi. Tutaanza na metronomu (kipima mwendo) kwenye mapigo 120 kwa dakika.