Nitafutie ukurasa wa Chennai

Mombasa, 12 Oktoba 2025

Sahibu yangu Twaha,

Assalaam alaikum. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na mama watoto na wanao. Sisi huku Alhamdulillahi. Mama Rukia mguu wamsumbua, lakini barazani hajaacha kukaa, na kila apitaye huulizwa atoka wapi na aenda wapi. Anakusalimu sana. Kombo naye akusalimu, asema ile hesabu yenu hajaisahau.

Utashangaa kuona karatasi badala ya simu. Tangu hitima ya marehemu Ami hatujazungumza sawasawa, mimi na wewe. Tunatumiana tu mkono wa Idi na picha za maua, basi. Nikaona nikikupigia tutaishia kuulizana hali ya hewa. Mtoto wa Mama Rukia anakuja Muscat wiki ijayo, nimempa hii akuletee mkononi.

Nina ombi, nalo ni hili: nitafutie ukurasa wa Chennai, ile mechi ya India na Pakistan ya mwaka 1999, kwenye daftari la Ami la kriketi, uupige picha unitumie. Daftari lenyewe silitaki. Yale niliyoyasema siku ile kwamba lingebaki Mombasa nimeyafuta, wewe ndiwe mwanawe na ni haki yako. Nataka ukurasa ule tu, na kama utakuwa na subira, na ule wa Faisalabad.

Sababu ni Bilali, mtoto wa dada. Ana miaka kumi na minne sasa, mrefu kunishinda, na kriketi imemwingia kama ilivyotuingia sisi. Mwezi uliopita alikuwa akitazama Kombe la Asia kwenye simu, lile la Dubai ambalo Oman yenu ilikuwa kundi moja na India na Pakistan. Hao wawili walikutana mara tatu ndani ya mwezi mmoja, na mara zote tatu hawakupeana mikono. Ile ya kwanza Bilali alinionyesha. Mpigaji wa India apiga mpira wa mwisho, amshika mwenzake bega, hao wanatoka. Wapakistani wamesimama uwanjani wakingoja, na kule mlango wa chumba umefungwa. Nikamweleza habari za Pahalgam, kule Kashmir, mwezi wa nne, watu waliouawa pale, na mapigano ya mwezi wa tano yaliyofuata. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Lakini Mjomba, hawa si ndivyo walivyo siku zote?" Alisema kama mtu asemaye paka na panya.

Twaha, neno lile lilinichoma. Usiku ule sikulala vizuri. Mtoto hana kosa, hajapata kuona mechi ya Testi, ile ya siku tano, baina yao. Ya mwisho iliisha Bangalore tarehe 12 Desemba 2007, yeye hajazaliwa. Kisha Novemba 2008 ikaja na mauaji ya Mumbai, na Machi 2009 basi la timu ya Sri Lanka likapigwa risasi Lahore, na mlango ukafungwa hadi leo. Anachokijua yeye ni mechi fupi za ova ishirini, kila ova mipira sita: muda wa saa tatu, kelele, matangazo ya biashara, watu waende zao. Siku tano za watu kukaa pamoja uwanjani, wakila chakula cha mchana chini ya paa moja, hazijui.

Basi nimeanza kumsimulia, jioni baada ya magharibi, na kila nikisimulia naona nimekosa daftari. Ami angefungua ukurasa tu. Nilimwambia habari za Kardar, yule nahodha wa kwanza wa Pakistan, kwamba mwaka 1946 alikwenda Uingereza na timu ya India iliyokuwa moja bado, na miaka sita baadaye akaingia Delhi akiwa nahodha wa nchi nyingine. Bilali akauliza, "Alicheza na wenzake wa zamani?" Naam, alicheza nao. Amir Elahi naye alizichezea nchi zote mbili. Mechi ile ya kwanza, Oktoba 1952, India ilishinda kwa zamu nzima na mikimbio 70, Vinoo Mankad akatoa watu kumi na watatu. Wiki moja baadaye, Lucknow, Pakistan ikalipa. Fazal Mahmood akatoa kumi na wawili, na Nazar Mohammad akafungua zamu na kusimama mpaka mwenzake wa mwisho ametoka, mikimbio 124, yeye hajatolewa. Unakumbuka Ami alivyopenda kusema kwamba mtoto wa Nazar, Mudassar, alifanya vivyo hivyo dhidi ya India Lahore mwaka 1983, 152 bila kutolewa? Baba na mwana, kazi ile ile, mbele ya wapinzani wale wale.

Sikumficha kwamba baada ya hapo walikuwa wakiogopana mno. Mechi tano za mwaka 1955 sare zote, tano za 1960 na 1961 sare zote. Hakuna aliyetaka kuwa nahodha aliyeshindwa na jirani. Kombo hupenda kusema zile zilikuwa siku za kulala usingizi, na kwa mchezo wenyewe ana haki. Lakini mwaka ule wa 1955 maelfu ya Wahindi walivuka mpaka kwenda Lahore kutazama, miaka minane tu baada ya nchi kupasuliwa na watu kuuawa kwa mafungu njiani. Miaka minane, Twaha! Halafu vita vya 1965 na vya 1971, na miaka 17 bila mechi hata moja, mpaka 1978 Bishan Bedi alipopeleka timu Pakistan na Zaheer Abbas akawachosha kwa mikimbio. Ndipo daftari la Ami linapoanzia, kama sikosei. Alikuwa karani kijana bandarini, na lile jalada jekundu lilikuwa la hesabu za mizigo.

Ukurasa wa Faisalabad nautaka kwa sababu ya Nairobi. Oktoba 1984: Qasim Umar, mzaliwa wa Nairobi, mikimbio 210 dhidi ya India. Ami alilipigia jina lile mistari miwili ya wino mwekundu, na alikuwa akimwonyesha kila mgeni kabla hata ya kumkaribisha kahawa. Kwenye mechi ile ile Mudassar alitolewa akiwa na 199, na upande wa India Sandeep Patil akapiga 127. Patil huyu huyu ndiye aliyetufundishia Kenya mpaka nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003, na Mudassar naye alikuja baadaye kuifundisha. Bilali hakuamini. Nataka aone majina yote matatu kwenye karatasi moja, kwa mkono wa Ami, yaliyoandikwa kabla hata mama yake hajajua kusoma. Siku mbili baada ya mechi ile kwisha, wakiwa Sialkot kwenye mechi ya siku moja, habari ikafika kwamba Indira Gandhi ameuawa. India walikuwa 210, watu watatu wametoka, Vengsarkar ana 94. Mchezo ukasimamishwa, timu ikarudi kwao. Ami aliiacha nusu ya ukurasa nyeupe na hakuandika kitu kingine hapo. Nakumbuka nikimuuliza mbona apoteza karatasi, akaniambia, "Hapo pana watu."

Lakini Chennai, sahibu yangu. Narudi Chennai.

Jumapili, 31 Januari 1999. Ramadhani ilikuwa imekwisha kitambo kidogo, mfungo mosi, na Ami alikuwa amefunga sita. Mimi Pakistan kwa ajili ya Wasim Akram, wewe India kwa ajili ya Tendulkar, na redio iko juu ya kigoda katikati yetu. India yatakiwa kupata 271. Watu watano wametoka kwa 82, nami nilikuwa nimeshaanza kukutania. Kisha Tendulkar na Mongia wakakaa. Nukta, nukta, nukta, Ami akiandika kila mpira usiozaa kitu, kisha nne, kisha nukta. Mgongo wa Tendulkar ulikuwa umemkamata, mtangazaji akisema anajishika kiuno kila baada ya ova, na bado mikimbio yaja. Mongia akatoka na 52. Tendulkar akazidi kupiga, 120, 130, 136. Ilikuwa imebaki 17, na watu sita tu wametoka. Wewe ulikuwa umesimama, mimi nimenyamaza kabisa. Saqlain wa Pakistan akarusha, Tendulkar akapiga juu, Wasim akadaka.

Kutoka 254 ikaisha 258. Mikimbio minne, basi. Pakistan ikashinda kwa 12.

Ulilia, nami sikukucheka, naapa. Ulinyosha mkono kuizima redio na Ami akaufunika mkono wako kwa wake. Akasema, "Ngoja." Redio ikawa kimya, nikadhani mawimbi yamepotea. Kisha makofi yakaanza, kidogo kidogo, yakakua, na mtangazaji akasema uwanja mzima wa Chepauk umesimama kuwapigia makofi Wapakistani, nao wanauzunguka uwanja wakiwapungia watu. Wiki chache tu kabla ya hapo watu wa siasa walikuwa wameichimba pichi ya Delhi ili timu hii isije, na hawa wa Chennai, waliovunjika moyo hivi sasa, wamesimama. Nimeona mechi nyingi tangu siku ile. Sijasikia tena sauti kama ile.

Hapo Ami aliandika kitu pembezoni mwa ukurasa. Mstari mmoja kwa herufi za Kiarabu, mwandiko wake ule wa kuandikia barua za nyumbani. Mimi wakati ule sikuwa nikiweza kuusoma haraka, akafunga daftari akaenda kutawadha. Sikumuuliza tena. Miaka yote ile tulikaa naye barazani, na sikumuuliza.

Nimemwambia Bilali na mabaya pia, sitaki kumdanganya. Siku 16 hivi baadaye mechi nyingine ilianza Calcutta, Tendulkar akagongana na Shoaib Akhtar na kutolewa kwa ajili hiyo, watu wakafanya fujo, na siku ya mwisho mashabiki wakatolewa nje, mchezo ukamalizwa mbele ya viti vitupu. Mwezi ule ule mmoja! Katikati yake kulikuwa na Delhi, Kumble wa India akiwatoa Wapakistani wote kumi peke yake kwa mikimbio 74, jambo ambalo hadi siku ile alikuwa amelifanya Mwingereza Jim Laker tu, mwaka 1956. Siku ile ilikuwa zamu yako kunitania, na ulinitania haswa, ukapita mtaa mzima na lile daftari kuonyesha jina moja limeandikwa mara kumi. Miezi michache baadaye nchi hizo zikapigana vita Kargil, kule Kashmir. Na pamoja na Kargil, mwaka 2004 timu ya India ilikwenda Multan, mpigaji wao Sehwag akaifikia 300 kwa kumpiga Saqlain yule yule sita, na wenye maduka wa Lahore wakikataa pesa za wageni kutoka ng'ambo ya pili. Wenyewe walitoka vitani juzi.

Kwa hiyo si kweli kwamba ndivyo walivyo siku zote. Hili ndilo nataka mtoto huyu alione kwa macho. Mechi 59 za Testi baina yao: Pakistan imeshinda 12, India 9, sare 38, na tarakimu hizo hazijasogea kwa karibu miaka 18. Wenye vyama na televisheni huwakutanisha kila wapatapo nafasi kwenye mechi fupi, kwa kuwa zauzika. Testi hawataki kuisikia. Naliona ni dhuluma, si kwetu sisi watazamaji tu. Vijana wa kule wana umri wa Bilali, nao pia wanaambiwa ndivyo ilivyo.

Ameanza kuandika daftari lake mwenyewe, sikukwambia. Nimemnunulia la mistari, kubwa. Anaandika nukta zake vibaya, zaenda upande, lakini haruki mpira.

Haya, niambie. Ukurasa upo salama, au chumvi ya safari imeula? Wino haujafifia? Na ule mstari wa pembezoni, wewe ulipata kuusoma? Alikuambia alichoandika? Uniandikie wewe mwenyewe kwa mkono wako, usinitumie picha tu. Wanao wanacheza? Nasikia huko Muscat Wahindi na Wapakistani wanacheza pamoja viwanjani kila Ijumaa alfajiri, ni kweli, umewaona kwa macho yako? Wanapeana mikono? Na Idi ijayo mwaja, au mpaka lini? Chumba cha juu kipo wazi. Kigoda nimekitengeneza mguu.

Msalimie sana mama watoto. Wasalaam.

Nduguyo,
Badi