Barua kwa mwanangu aliyeanza kazi ya hisa

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie huko Nairobi. Sisi huku Mombasa hatujambo, twamshukuru Mungu. Nyanya yako magoti yamempa nafuu kidogo, amerudi kukaa barazani jioni.

Nimemaliza ile tamthilia ya Kimarekani, Black Monday, uliyoniambia niitazame ili nipate kuijua kazi uliyoanza. Kakako alinifungulia kwenye kompyuta yake, nikawa naitazama usiku baada ya kufunga duka, misimu yote mitatu. Matusi hayahesabiki na kokeini humo ni kama sukari, palipozidi nikaruka. Lakini nimecheka mpaka machozi, kisha usingizi ukaniruka kwa kuwaza, ndipo nikaona haya si mambo ya kuambiana kwa simu.

Inaanza Jumatatu ya tarehe 19 Oktoba 1987, siku soko la hisa la Marekani lilipoanguka. Mtu anaanguka kutoka ghorofani pale Wall Street, mtaa wa soko la hisa kule New York, anatua juu ya gari, halafu hadithi inarudi nyuma mwaka mzima. Hapo twamkuta Mo, anayeigizwa na Don Cheadle, na kampuni yake ya hisa, ya kumi na moja kwa ukubwa mtaani: suti za kung'aa, Lamborghini iliyorefushwa, hata roboti ya kumhudumia nyumbani. Nilidhani wametia chumvi. Kumbe watu wa enzi ile hawakuhitaji kutiwa chumvi. Mwezi Mei 1986 tajiri mmoja wa hisa, Ivan Boesky, alisimama mbele ya wahitimu wa chuo kikuu kule Berkeley akawaambia kwamba uroho ni jambo zuri, lina afya. Mwaka haujaisha, Novemba, alikuwa amekubali kulipa dola milioni 100 kwa kununua hisa akitumia siri za ndani za makampuni.

Niliyemfuata kwa macho tangu mwanzo ni Dawn, anayeigizwa na Regina Hall. Yeye ndiye kiongozi wa madalali pale kwa Mo, yeye ndiye anayejua kazi, na kila akitaka jina lake liwe mlangoni anapewa maneno matamu. Nilikuwa nakuona wewe. Soko la hisa la New York lilianza mwaka 1792, na Mmarekani Mweusi wa kwanza kuingia ukumbini mwake akiwa mwanachama, Joseph Searles, aliingia Februari 1970. Na usidhani mambo hayo ni ya kwao tu. Soko la Nairobi liliundwa mwaka 1954, na wakati huo Waafrika na Wahindi hatukuruhusiwa kuuza wala kununua hisa; biashara ilikuwa ya Wazungu mpaka uhuru ulipokuja. Babu yako aliishi miaka ile. Kwa hiyo ukikaa pale mezani kwako, kaa ukijua ni mahali ambapo yeye hakuruhusiwa kukaa.

Sasa lililoniweka macho. Tamthilia hii inamtafutia ile Jumatatu mkosaji, kikundi kimoja cha watu wa nje walioangusha soko zima kwa hila zao. Kwa vichekesho ni sawa, hadithi yataka mtu. Lakini siku yenyewe haikuwa na mtu, nami naona hilo latisha zaidi. Chukua mfano wa huku kwetu Barabara ya Biashara. Sema kila mwenye duka la kanga amemwachia kijana wake amri moja: bei ikishuka shilingi kumi kwa doti, uza robo ya mzigo, ikishuka tena, uza nusu. Kila mmoja anajiona ana akili, amejikinga. Siku bei inaposhuka kweli, vijana wote wanatoa korja zao nje saa ile ile, na hakuna anayenunua, kwa sababu wanunuzi ni wao kwa wao. Ndivyo ilivyokuwa. Mifuko mikubwa ilikuwa na mpango waliouita bima, wa kuuza kila bei inaposhuka, na kompyuta zikaharakisha kuzipeleka amri zile. Siku hiyo zikabadilishana mikono hisa zaidi ya milioni 600, na Dow Jones, kipimo cha bei za hisa za makampuni makubwa ya Marekani, ikashuka pointi 508, yaani asilimia 22.6 kwa siku moja. Wote walikuwa wamejikinga.

Na kuna jambo dogo ndani ya siku ile ambalo siwezi kulitoa kichwani. Kwenye Nasdaq, soko jingine la hisa la Marekani, ambako biashara ilifanywa kwa simu, wengi wa wafanyabiashara waliacha kuzipokea. Simu inalia, mtu ameketi hapo anaitazama.

Nimelielewa hilo vizuri kuliko nilivyotaka. Hujapata kuambiwa habari hii kikamilifu. Wewe ulikuwa darasa la pili. Niliuza bangili mbili za marehemu mamangu, nikaongeza akiba ya duka, nikampa dalali mmoja aninunulie hisa. Kijana alikuwa na adabu, alinipa stakabadhi, akaniita mama. Hisa zikapanda, kisha habari mbaya zikaanza kusemwa sokoni. Nikapiga simu siku tatu mfululizo. Ililia mpaka ikakatika yenyewe. Siku ya nne nikapanda basi la usiku, nikafika Nairobi alfajiri na baridi yake, nikapanda ngazi hadi ghorofa ya pili. Kufuli. Kufuli jipya, bado lina mafuta, na chini ya mlango barua za watu zimerundikana. Mzee mmoja alikuwa ameketi ngazini na bahasha mapajani. Akanisogezea nafasi nikaketi. Hatukusemezana mpaka saa tano. Pesa nyingine nilizipata baada ya miaka, nyingine sikuzipata, na nilikuambia bangili zimeibwa.

Katika misimu ile mitatu nilimtafuta mtu kama yule mzee. Nawakumbuka Mo, Dawn, mahasimu wao, wakwe na mawakili. Mteja aliyetuma akiba yake simkumbuki hata sura. Sisemi watunzi wamekosea. Ukumbi wa hisa wenyewe ndivyo unavyomfundisha mtu, kuona namba zikipanda na kushuka na kumsahau aliyezileta. Naogopa usije ukafundishwa hivyo nawe ungali mgeni wa kazi, maana wewe una moyo wa kutaka kuwafurahisha wakubwa.

Kwa hiyo nakuomba hili moja, mama. Siku soko likianguka, nalo litaanguka tu, bosi wako akisema simu ziachwe zilie, wewe pokea ya kwako. Hata kama huna jibu. Mwambie mtu, "Nipo, hali ni mbaya, nitakupigia saa tisa," na saa tisa umpigie. Wakikufukuza kwa hilo, duka liko, na kiti chako kiko.

Nimempa kondakta wa basi la usiku furushi lako: mabuyu, kanga doti mbili, na bahasha ya kaki. Humo mna ile stakabadhi. Usiichane. Basi litafika saa kumi na mbili asubuhi. Uwahi kabla hujaenda kazini.

Mamako akupendaye