Kabla Hujaripoti Kigoma

Mwanangu Athumani,

Marhaba, na salamu za baba yako, bibi yako na wote hapa Makorora. Sisi wazima. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu ukisikia naanza habari za kompyuta unaniambia "sawa mama, sawa mama", nami hiyo sawa yako naijua. Isome basini, safari ni ndefu.

Kazi ya TEHAMA hospitalini imetufurahisha mno. Baba yako kaitangaza mpaka msikitini. Ila kitumbua changu kimeingia mchanga baada ya wewe kuondoka, nilipobonyeza Ctrl, Shift na Esc kwenye kompyuta ya dukani nijue kwa nini imekuwa nzito kuamka. Nikafungua ile orodha ya programu zinazojifungua zenyewe mashine ikiwaka. Ya printa naijua. Ya mauzo uliiweka mimi nikiwa nimekaa ubavuni. Lakini nikakuta nyingine, ya kuingilia kompyuta kutoka mbali, imewashwa, na neno lake la siri analijua mtu mmoja tu, naye ni wewe.

Najua uliiweka ili printa ikigoma unisaidie ukiwa huko huko. Nia njema, sikatai. Lakini hukuniambia, Athumani. Mimi ni mamako, nitanung'unika kisha nitaingia jikoni. Hospitali hawatanung'unika. Nchi hii ina Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu 2015, na kuingia kwenye kompyuta ya watu bila ruhusa ni kosa. Siku mwenzio wa kazini akikuta umeacha mlango kwenye mashine ya mapokezi, nani atakuamini ukisema ulitaka kusaidia? Usiweke kitu kinachojianzisha chenyewe kwenye kompyuta ya mtu bila mwenyewe kujua.

Usidhani naogopa nisichokijua. Nilipoanza kupiga chapa kwa kompyuta, mashine za DOS, ule mfumo wa zamani wa kuandika amri, zilikuwa na faili lake, AUTOEXEC.BAT. Ukiiwasha, inalisoma mstari kwa mstari na kutekeleza. Ukitaka Windows ijifungue, unaandika "win" mstari wa mwisho, basi. Ukitaka kujua nini kinaanza, unalifungua unasoma. Sasa hivi mna folda ya Startup, mna rejista, yaani ghala la mipangilio ya Windows, mna huduma zinazoanza hata kabla mtu hajaingia, mna Task Scheduler ya kupangia kazi zijiendeshe zenyewe, na ile orodha niliyoifungua haionyeshi yaliyopangwa kwenye Task Scheduler. Kwa hiyo nikaenda huko pia. Nikakuta ile kazi ya kunakili mahesabu ya duka, umeichelewesha dakika 1 baada ya mtu kuingia ili intaneti ishike kwanza. Nilimwita binti anayenisaidia aje aone akili ya mwanangu. Nikamweleza vizuri, kwa maringo. Halafu akaniuliza, "Kumbe ulikuwa unajua mama?" Sikuwa na jibu.

Baba yako anasema tabia hiyo umeichukua kwangu, maana hata friji yeye aliikuta tu jikoni imeshawashwa. Friji si hospitali.

Na huko utaipata hii, tena mapema. Umeme utakatika, utarudi, na karani wa mapokezi atalalamika kuwa foleni imejaa na programu haijafunguka. Kwenye BIOS, mipangilio ya mashine yenyewe kabla Windows haijaanza, unaweza kuipanga mashine ijiwashe yenyewe umeme ukirudi, hilo sina neno nalo. Programu ya mapokezi kuiweka ijifungue, sawa pia, na mkuu wako ajue. Lakini kilichomo kwenye folda ya Startup hakianzi mpaka mtu aingie kwa jina lake na neno lake la siri, na hapo ndipo watakapokuomba uiache mashine iingie yenyewe. Kataa. Karani akinyanyuka kwenda chooni, au umeme ukirudi usiku hapo hakuna mtu, kila apitaye atasoma nani kapimwa nini na majibu yake. Ukiipanga kwa mkono kwenye rejista, hata neno la siri lenyewe linakaa humo kwa maandishi ya wazi. Na tangu 2022 kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Programu ijifungue, lakini kuingia aingie mtu.

Ulikuwa mdogo virusi vya Conficker vilipozuka 2008. Flashi ya mteja ikichomekwa, kitu kinajifungua bila kuulizwa, na lawama anabeba mwenye duka. Microsoft walikuja kuizima tabia hiyo ya flashi kwa sasisho la 2011, sisi tumeshagombana na wateja vya kutosha.

Nunua daftari. Kila mashine utakayoigusa, andika umeweka nini kijianzishe, wapi, na nani kakuruhusu, naye asaini. Watakucheka. Wewe saini zao chukua.

Hapa mwenye fremu kapandisha kodi tena, eti kapaka rangi. Rangi yenyewe upande wa mbele tu. Kompyuta ile ya pili bado ina Windows 10, na msaada wake ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo niambie kama inakubali 11 au nianze kudunduliza. Usiniambie "tutaangalia". Bibi yako macho yamezidi, tunampeleka wiki ijayo, lakini redio bado anaitafuta stesheni mwenyewe na hataki kusaidiwa. Kitanda chako tumempa Shabani, usinune.

Ile programu ya mbali nimeizima, sijaifuta. Printa ikigoma nitakupigia, nitaiwasha mwenyewe, ukimaliza nitaizima. Neno la siri nitumie leo, nami nitalibadilisha.

Dagaa ukituma, waweke kwenye ndoo yenye mfuniko, si kiroba. Na uandike jina langu kubwa juu, kondakta asije akasema hakuona.

Mamako